Kifua cha Gari Dogo

Fundi ninayemwandika hapa alikuwa hapandi mlima ndani ya gari. Magari yaliyopanda mlima kila siku aliyatengeneza yeye, lakini akipata safari ya Tukuyu alipanda gari hadi Ibanda, pale tambarare inapokwishia, akashuka, akakung'uta suruali, akaendelea kwa miguu. Alilala njiani kwa ndugu. Alifika kesho yake, miguu imejaa vumbi, uso wa furaha. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hali udongo.

"Mlimani injini inahema badala yako," akasema. "Mimi nina mapafu yangu."

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, na nilicho nacho nilikipata kwa baiskeli ya samaki, baadaye kwa gari, hakuna kilichotoka kwenye kalamu. Kwa hiyo nitaandika nilichoona, na ambacho sikuona nitasema sikuona. Wapo wasomi wa mjini waliokuja kuniuliza habari za yule mzee wakitaka niseme alikuwa mchawi. Niliwapa chai wakaondoka.

Gereji yake ilikuwa pembeni ya mji wa Kyela, njia ya Bujonde. Uwanja wa udongo mweusi, umekunywa oili miaka mingi hadi mvua ikinyesha maji yalitelezea juu kama kwenye jani la gimbi. Nyumba yake ilishikana na uwanja. Ukitoka mlango wa mbele ulikuwa umefika kwenye boneti ya mtu. Magari mabovu yalipangwa mstari, mengine yameota majani kwenye viti, na kila injini iliyolala pale alikuwa ameiziba mdomo. Nasema mdomo kama alivyosema yeye: lile bomba la kuvutia hewa. Aliliziba kwa pamba na kitambaa, akazungushia kamba ya mpira. Ukiwa umewahi kukaa na maiti ukaona zinavyozibwa pua, ungekumbuka.

Mimi nilidhani ni kwa ajili ya panya.

"Panya anaingia, ndiyo," akanijibu. "Lakini panya anatoka."

Ndivyo alivyokuwa: anakupa nusu ya sentensi, nusu nyingine unakwenda nayo nyumbani ikakusumbue.

Kila mtu wa Kyela anajua kuwa jua la mchana likipiga bati na chuma, vinalia. Hilo si jambo. Lakini mchana mmoja tulikuwa tunakula wali pale uwanjani, mimi na yeye tu, nikasikia gari lililotolewa pistoni zote, limebaki ganda, linavuta pumzi. Pumzi ndefu, kama ya mtu anayetaka kuanza kusema. Niliacha tonge hewani. Yeye hakuinua kichwa.

"Kitambaa kimelegea," akasema. Akanawa, akaenda, akakaza kamba, akarudi kwenye wali wake.

Kuna watakaosema upepo wa ziwani uliingia kwenye bomba. Huenda. Siku ile majani ya migomba yalikuwa yametulia tuli.

Namna yake ya kupima gari sijaiona kwa mwingine. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, ncha nyingine anaitembeza juu ya injini inayonguruma, amefumba macho, na yeye mwenyewe ameacha kuhema. Ukizungumza alikufukuza. Akimaliza hakuuliza lini ulibadilisha oili. Aliuliza, "Unagombana na nani?"

Kwa asiye mtu wa kwetu nieleze. Wanyakyusa wa zamani walisema mtu akikosea wenzake, au akipata mali akala peke yake, majirani wananung'unika, na ule mnung'uniko unatoka vinywani mwao kama baridi. Mbepo sya bandu, ndilo jina lake, upepo wa watu. Unamwingia mhusika, anabanwa kifua, anatetemeka. Dawa yake si hospitali. Dawa ni kupika, kuwaita waliokasirika, kila mmoja atoe lililomkaa rohoni mbele yako, halafu mle. Fundi alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alisimama akasema mambo hayo ni giza. Jumatatu alimrudisha mwenye gari nyumbani akapike.

Mfanyabiashara mmoja wa kokoa kutoka Mwaya alikuja na pikapu isiyo na nguvu kabisa. Fundi aliisikiliza, akakunja mpira wake.

"Nenda kapike."

"Mzee, nimekuletea gari, sikuja kuuliza mapishi!"

"Basi lisukume mpaka kwa fundi mwingine. Nasikia yupo Mbeya."

Yule bwana alipika. Majirani walimsema hadi wali ukapoa, mpaka mmoja wao, shibe ilipomlainisha, akakiri kuwa alikuwa ameshindilia gunzi kwenye ekzosi. Walilitoa, gari likaruka kama mbuzi. Nilipolisikia nilikwenda kwa Fundi nikicheka. Akasema gunzi alilisikia tangu dakika ya kwanza.

"Sasa kwa nini hukulitoa mwenyewe?"

"Ningelitoa gunzi. Na jirani angetolewa na nani?"

Nikiwa mkweli, mtu huyu alikuwa na mdomo mchafu. Alimwita kila mwenye gari mpumbavu, hata mkuu wa idara. Alichukia moshi kuliko dhambi, na yeye mwenyewe alivuta kiko. Alikuwa mchoyo wa maneno na si mchoyo wa spea. Amewahi kufungua nozeli, ile ya kurushia dizeli, kwenye gari lake akamfungia mjane aliyekwama. Lakini ukitaka kumwona akiwa mtu mwingine, usubiri mkewe akohoe.

Mkewe alikuwa na pumu. Mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye maneno kuliko mumewe, alikaa mlangoni akichagua mchele, na pumzi yake ilisikika uwanja mzima, inapiga mluzi mwembamba ikiingia na mwingine ikitoka. Wateja wageni walidhani ni gurudumu linatoa upepo. Fundi alifanya kazi sikio moja kwenye injini, jingine mlangoni. Niliwahi kumwona ameshika spana, amesimama katikati ya kufungua nati, hakazi wala halegezi, mpaka ule mluzi ulipoendelea.

"Ugonile, shemeji," mama yule alinisalimu kila nilipofika. "Umemletea nini leo anipigie kelele?"

"Ndaga, shemeji. Samaki wako hawa."

"Hao wadogo? Wakubwa umewapelekea Wasafwa wa Mbeya?"

Alinipenda. Nami nilimpenda kama unavyompenda mtu anayekutukana bila kukosea.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, foleni ya dizeli, foleni ya kuuliza foleni inaishia wapi. Ghafla ikawa mwenye nguvu na anunue. Mitumba ya Kijapani ikaingia, magari madogo madogo, na mimi nikaweka baiskeli ukutani nikanunua stesheni wagoni ndogo ya dizeli. Ndiyo ilikuwa mali yangu yote. Sikuwa na shamba la kuuza nyuma yake. Nilichukua samaki Matema na Itungi, mbasa wazuri, nikawapanga kwenye maboksi ya barafu na pumba za mpunga, nikapanda nao Mbeya. Samaki hasubiri. Ukichelewa soko, unarudi na uvundo.

Na gari langu lilichelewa. Tambarare lilikimbia. Likianza mlima lilikuwa zito, na kadiri unavyopanda ndivyo linavyokufa, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na injini ndogo inaikosa kama mtu. Baada ya Tukuyu nilikuwa natambaa kwa gia ya pili, moshi mweusi nyuma, malori yananipita, watu wangu wa samaki Mbeya wameshanunua kwa mwingine.

Ndipo nikasikia habari za tabo. Ni kitu kidogo kama konokono wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni hiyo inasukumia injini hewa kwa nguvu, itake isitake. Injini ndogo inafanya kazi ya kubwa. Mlima unakuwa tambarare. Mfanyabiashara mmoja wa Katumba Songwe, mwenye shemeji zake ng'ambo ya mto, Malawi, aliniletea moja iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Niliiweka kwenye gunia, nikampelekea Fundi kama mtu anayempelekea bibi harusi.

Hakulifungua gunia.

"Kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza ni hii. Unampulizia mtu mdomoni akimbie. Atakimbia. Ya pili, unamfungua kifua chake mwenyewe, unamwondolea makohozi, unampa njia pana ya kutolea pumzi, unampunguzia mzigo kwenye gia. Hatakimbia. Atafika."

"Mimi nataka kukimbia, Fundi. Samaki wanaoza."

"Wewe unaoza. Samaki wapo kwenye barafu."

Wakati huo alikuwa ameshafunga tabo moja tu maishani, kwenye gari dogo la dizeli la afisa wa forodha wa mpakani, mtu wa kuletwa kutoka kaskazini. Tulimwita Bwana Forodha. Gari lile lilipanda mlima likipiga filimbi nyembamba, unalisikia kabla ya kuliona, ukungu wa juu ukiwa mzito unasikia filimbi inakujia, inakupita, hujaona kitu. Madereva wengine walikuwa wanasali. Mimi nilikuwa naona wivu.

Fundi alimpa Bwana Forodha sharti moja. Ukifika kutoka mlimani, usizime. Iache iheme kwanza, ipoe, kisha uzime. Lakini sisi sote, na yeye pamoja nasi, tulikuwa watoto wa foleni. Dizeli tuliitafuta kama dawa. Gari likisimama, unazima. Kuanzia Tukuyu kushuka Kyela tulizima kabisa, tukateremka kimya na breki zetu na Mungu wetu. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo akae garini injini ikinguruma bure. Bwana Forodha alizima kila mara ikiwa ya moto, na kila mara oili iliungua ndani ya yule konokono, mpaka kizuizi cha oili kikaliwa.

Niliona matokeo. Nilikuwepo, asubuhi, jua limetoka, nimekuja kubishana tena juu ya gunia langu. Bwana Forodha aliingia uwanjani akilalamika moshi. Fundi akafungua boneti, akachukua mpira wake, akamwambia awashe. Injini ikawaka, ikatulia, halafu ikaanza kupanda yenyewe. Hakuna mguu kwenye mafuta. Ikapanda, ikapanda, filimbi ikawa ukelele.

"Zima!" Fundi akapiga kelele.

Bwana Forodha akazungusha funguo. Injini ikazidi. Akaichomoa, akatoka nje ameinyanyua juu tuione wote. "Nimezima! Mzee, nimezima! Funguo hii hapa!"

Funguo ilikuwa mkononi mwake na gari lilikuwa linalia. Baadaye nilielezwa, nami nikaelewa: lilikuwa linakunywa oili yake lenyewe, halihitaji tena dizeli wala ruhusa. Wakati ule niliona tu kitu kilichokataa kufa. Watu walikimbia. Bwana Forodha alikimbia hadi ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye kitambulisho cha serikali. Mimi nilibaki kwa sababu gari langu lilikuwa nyuma ya lake na sikuwa tayari kuliacha liungue.

Fundi hakukimbia. Aliling'oa lile bomba la hewa, na kwa vile hakuwa na ubao karibu akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa injini. Ikamvuta. Niliona mkono unaingia hadi ngozi ikakunjana. Alikuwa anasema nayo kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anavyobembelezwa ng'ombe anayechinjwa. Gari zima lilitikisika, likapiga kwikwi, likafa. Moshi mweupe ulikuwa umejaa uwanja mzima na umeingia ndani ya nyumba.

Kimya kikashuka. Na ndani ya kimya kile tuligundua, mimi na yeye kwa pamoja, kwamba ule mluzi wa mlangoni hatuusikii.

Mkewe tulimkuta sakafuni, midomo imekuwa rangi ya majivu, macho yanatutazama, kifua kimesimama. Fundi alimnyanyua akampeleka kwenye upepo nyuma ya nyumba. Kifua kilirudi kidogo kidogo. Nesi wa zahanati alikuja akamchoma sindano, akatugombeza: moshi ule, mzee, mtu wa pumu hawekwi karibu na gereji, hata mtoto anajua. Ni kweli. Sina ubishi na nesi.

Lakini Fundi alinionyesha kiganja. Kilikuwa na duara jekundu, limechorwa sawasawa, la mdomo wa injini.

"Nimeziba mdomo mmoja," akasema. "Imezibika miwili."

Gunia langu bado lilikuwa pale chini ya benchi. Siku zilizofuata nilifika kila asubuhi nikalitazama tu. Gari lilikuwa ndilo mimi. Likishindwa mlima narudi kwenye baiskeli, na nimekwisha kutukana wenzangu wa baiskeli. Fundi hakusema hafungi. Hakusema anafunga. Aliyesema ni mkewe, amekaa mlangoni, amejifunika kanga mbili kwenye joto la Kyela.

"Mfungie shemeji tabo yake."

Fundi akaendelea kupangusa spana.

"Nakwambia wewe! Kesho watasema fundi ameshindwa kazi na kifua cha mkewe. Mimi si mlango wa gereji, useme mimi ndiye niliyekufungia kazi."

"Mama, nyamaza, utachoka."

"Nitanyamaza nikifa, na siku hiyo utanikumbuka." Akanigeukia. "Na wewe, simama useme unachotaka. Mwanaume mzima na gunia, unahesabu vidole."

Nilisema. Nilisema sitaki tabo. Nilimwambia Fundi anifungue gari kifua chake mwenyewe, na tabo niliirudisha Katumba Songwe. Nilikuwa na sababu ya biashara, nayo ni ya kweli: najijua, nimekulia kwenye foleni, ningezima ikiwa ya moto kila siku hadi iniue. Sababu ya pili ilikuwa imekaa mlangoni inachagua mchele.

Kazi aliyoifanya kwenye gari lile sitaisahau. Alifungua hedi, kile kichwa cha injini, akasugua njia za hewa kwa msasa na kidole hadi zikawa laini kama ndani ya ganda la yai. Akasaga vali. Akabadilisha nozeli, akarekebisha pampu isimwage dizeli ya bure, akatoa ekzosi nyembamba akaweka pana, akabadili meno ya giaboksi ili gari livute zaidi na likimbie kidogo. Alipomaliza alilisikiliza, akaniita, akaniwekea mpira sikioni. Niliingojea ngurumo. Nilisikia kama mtu amelala usingizi mzuri.

Halikukimbia. Lilifika. Lilifika miaka na miaka, samaki mashavu mekundu, na nyumba yangu ya Ipinda yenye bati imetokana na lile gari dogo. Waliofunga tabo walinipita mlimani, na wengine wao niliwakuta mbele wamefungua boneti, wanapepea. Sikuwacheka. Niliwacheka kidogo.

Fundi hakugusa tabo tena. Na mkewe alikaa vizuri miaka hiyo, mluzi wake pale mlangoni kama kawaida, mpaka tukauzoea.

Kisha ukaja msimu wa mvua, ile mvua ya Kyela isiyojua kusimama, akabanwa. Akabanwa sana. Hospitali wakasema apandishwe Mbeya mara moja, na gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mwingine. Fundi alikuja kwangu kwa miguu kwenye matope. Hakuomba. Alisimama tu mlangoni, nikachukua funguo.

Tulimkalisha mama kiti cha mbele ili apate nafasi, mumewe akakaa nyuma kwenye harufu ya samaki. Tulipofika Ibanda nilipunguza mwendo kwa mazoea, nikidhani atashuka. Hakushuka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akipanda mlima amekaa.

Gari lilifanya kila lililoweza. Nilikanyaga hadi mguu ukaumia. Likaja gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, na mama yule pembeni yangu naye alikuwa anashuka gia. Sijui niseme vipi. Injini ilivuta, yeye alivuta. Injini ikakwama kidogo kwenye kona, na yeye akakwama. Nilifika mahali nikawa sijui sauti ipi ni ya nani.

Aliligundua kabla yangu. Alinitazama kwa pembe ya jicho, akasema kwa vipande, "Shemeji... gari lako... lina pumu."

Alitaka kucheka. Nyuma yetu Fundi alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kiti, mgongoni kwa mkewe, na kwenye kioo niliona anasukuma. Anasukuma kwa kiganja, kila pumzi, kana kwamba hewa inaweza kuingizwa kwa mkono.

Juu, karibu na Tukuyu, barabara inalala. Injini ikapata nafuu, ikaanza kunguruma vizuri, nyepesi. Yeye hakupata.

Daktari wa Mbeya alituambia moyo wa marehemu ulikuwa umekwisha siku nyingi, hata ndege isingesaidia. Nilimwamini. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akasema "ndaga", asante ya kwetu, akatoka nje. Alifunga gereji. Alichukua kisu akakata kamba zote za mpira kwenye yale magari mabovu, akachomoa vitambaa, akaiacha midomo yote wazi. Watu walianza kupita njia nyingine.

Hatukuonana sana baada ya pale. Si ugomvi. Nikimwona nilisikia mlima.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake mimi mwenyewe ni mzee. Nilikuwa nimenunua pikapu, na siku hizi tabo inatoka nayo kiwandani, kama mtoto anavyozaliwa na masikio. Huwezi kununua gari la dizeli lisilo nayo. Nilikuwa napita kwenda Mbeya, nikaona si heshima kupita. Uwanja umeota nyasi. Alikuwa amekaa mlangoni, kwenye kigoda cha mkewe, amekonda, macho yamefunikwa na ukungu. Hakuniona. Aliinua kichwa kabla sijasimamisha.

"Hiyo ina tabo," akasema.

"Inayo, Fundi. Ugonile."

"Usizime. Fungua boneti."

Nilifungua. Alikuja akipapasa, akashika ukingo wa boneti, akainamisha sikio karibu na bomba la hewa. Hakutumia mpira. Nilisubiri aniulize ninagombana na nani. Alikaa vile muda mrefu, na uso wake ukawa unabadilika, ukalegea, ukawa uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta taa.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuambia kifua cha mtu kifunguliwe, kitamtosha. Kuna kifua kisichotosha. Kinataka kusukumiwa. Mimi nilikuwa na njia mkononi, nikaiogopa, nikairudisha Katumba Songwe."

"Niliirudisha mimi, Fundi. Na daktari alisema..."

"Nyamaza. Sikiliza anavyopumua leo."

Nilisikiliza. Naandika nilichosikia. Nilisikia injini mpya ya dizeli, na ndani yake filimbi ya tabo, nyembamba, inaingia na kutoka. Tabo haiingii na kutoka. Tabo inapiga upande mmoja. Nimeendesha magari maisha yangu yote, najua.

Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, kuku wanaparua. Nilitaka kuzima nikaona mkono wangu hauendi.

"Unapanda?" akauliza.

"Napanda Mbeya."

Alifunga boneti mwenyewe, polepole, kama anamfunika mtu. Alizunguka kwa kupapasa hadi mlango wa abiria, akaufungua, akasimama kidogo pembeni kama mtu anayempisha mwingine, akaufunga. Akaja upande wangu.

"Usimkimbize," akasema. "Nguvu unazo, lakini usimkimbize. Leo hana haraka."

Mimi ni mtu wa kushika ndipo niamini. Nimejenga kwa mikono, sijajenga kwa hadithi. Pikapu ile inapanda mlima wa Tukuyu kwa gia ya nne bila kuomba. Nilipofika Ibanda niliingiza ya pili, nikapanda hivyo hivyo hadi juu, kati ya migomba na majani ya chai, pembeni kabisa ya barabara. Malori yalinipita yakinipigia honi, utingo wananitukana madirishani. Niliyaacha yapite.